Ukikata tamaa uende kwa nani? Ndugu, ibada, klipu za simu, kikoba au mshauri

Mwaka juzi nilikaa wiki tatu nzima naamka asubuhi, naoga, napiga pasi shati, namuaga mtoto, natoka kama naenda kazini kumbe kazi sina. Kampuni niliyokua nafanyia, mimi nilikua stoo, ilipunguza watu na barua yenyewe nusu ukurasa tu, nikaikunja nikaisukumia ndani kabisa ya begi na mke wangu sikumwambia. Nikawa nashuka Mnazi Mmoja hapa Dar, nakaa kwenye bustani, jua likianza kuchoma nahamia upande wenye kivuli, mchana nanunua mihogo, saa kumi na moja napanda daladala narudi nyumbani naambiwa "pole na kazi" naitikia "nishapoa". Hiyo nishapoa ndo ilikua inanimaliza.

Kwahiyo nikisema nimezunguka karibu kila sehemu ambayo mtu anatafuta faraja, nimezunguka kweli. Na nilichokiona ni kwamba wengi tunachagua vibaya kwa sababu tunachagua kwa utamu wa maneno. Mimi saivi napima kwa swali moja: nisipotokea kesho, nani atajua? Nitalinganisha sehemu tano, ila usitegemee mizani ya duka la dhahabu, kuna nilikokaa sana na kuna nilikopita tu.

Kabla hujachagua lakini, angalia kwanza shida yako ni ya turubai au sio ya turubai. Ya turubai ni msiba. Mtu akifariki mtaani kwetu hata saa mbili haziishi viti vya plastiki vimefika, turubai limefungwa, daftari la rambirambi liko mezani, wakina mama washaanza kuchambua mchele huko nyuma, na wewe mfiwa huna haja ya kumtafuta mtu, watu ndo wanakutafuta, kuna matanga, kuna khitma, kuna arobaini, kila mtu anajua akae wapi na aseme nini. Sasa shida isiyo ya turubai ni kuachishwa kazi, ndoa kuvunjika, mimba kutoka, biashara kufa, madeni. Hapo hakuna anayekufungia turubai. Unapita mtaani unasalimia watu kama kawaida na ndani kumeshaanguka. Ninayoandika hapa ni ya hao wa pili zaidi, ingawa hata mfiwa atayahitaji siku viti vikirudishwa, maana kuna watu simu zao zote zinakatika kwa mpigo baada ya arobaini.

Ndugu na marafiki

Faida yao huhitaji kuelezwa, ni bure, wanakujua, na hutaanza kusimulia maisha yako toka darasa la kwanza. Hasara ziko mbili na zote nimezila.

Ya kwanza ni "afadhali wewe". Unamwambia mtu nimeachishwa kazi, anakwambia afadhali wewe, mimi nilikaa miezi nane na juu yake mtoto anaumwa. Hapo inageuka ligi ya shida na wewe umeshafungwa nyumbani na ugenini. Jirani yangu mmoja Mkristo alinikumbusha marafiki watatu wa Ayubu, kwamba walipofika walikaa naye chini siku saba usiku na mchana hakuna aliyesema neno, na hapo walikua marafiki kweli, waliharibu siku walipoanza kumpa maelezo kwa nini yamempata. Nikamwambia na mimi ninao, ila wangu hizo siku saba hawakuzifikisha.

Ya pili ni hela. Nilimpigia kaka yangu mkubwa yuko Morogoro, nikamwamkia, akaitikia marahaba, mbona kimya sana, kwema huko? Nikasema kwema kaka, ila nna shida kidogo. Hapohapo nikasikia sauti inabadilika, akaanza ada za watoto, mbolea imepanda, gari iko gereji wiki ya pili. Sijasema hata shida gani! Nikakata simu nimenyong'onyea. Baada ya siku kama nne nikapiga tena nikabadilisha mpangilio, "Shikamoo kaka, sikupigii hela, hela sitaki, nataka unisikilize dakika kumi tu." Akanyamaza. Akasema ngoja nitoke nje. Nikasikia mlango, nikasikia kuku, alafu akasema haya mdogo wangu, sema. Tuliongea karibu lisaa na yeye ndo mtu wa kwanza kumwambia. Kwahiyo ukichagua ndugu, litoe suala la hela mezani kwenye sentensi ya kwanza kabisa, hata kama unayo shida ya hela, hiyo iwekee siku yake.

Sasa kwa swali langu, kaka yuko Morogoro mimi niko Dar, nisipotoka kitandani atajulia wapi? Alilitatua mwenyewe bila kuombwa, akawa kila siku saa moja asubuhi ananitumia meseji ya neno moja, "Umeamka?" Siku nikichelewa kujibu anapiga. Hakuwahi kunipa nasaha ndefu huyu mtu, na nikikumbuka nani aliniokoa namkumbuka yeye.

Mke wangu je? Nilipokuja kumwambia, kumbe barua alishaiona siku ya nne tu alipokua anatafuta chaja kwenye begi. Zile pole na kazi zote alikua anajua. Alikua ananisubiri niseme mwenyewe. Mpaka leo sijaamua kama nikasirike au nishukuru, lakini najua mimi ndo nilikua naigiza peke yangu na mtazamaji anajua mchezo wote.

Msikitini, kanisani

Hapa ndo nimekaa sana kwahiyo upendeleo upo, mnivumilie.

Kuna kitu kimoja tu nataka kukilinganisha kwanza. Methali yetu inasema baada ya dhiki faraja, na tumeizoea mpaka tunaibandika kwenye kila meseji ya pole. Lakini sura ya 94, ile wengi tunaiita Alam nashrah, aya ya 5 na ya 6 zinarudia jambo moja mara mbili, kwamba pamoja na uzito kuna wepesi. Pamoja, sio baada. Imamu wetu aling'ang'ania hilo neno siku moja baada ya Alfajiri, akasema nyie mnangoja dhiki iishe ndo mtafute wepesi, utafuteni humohumo ndani. Mimi niliyezoea methali nilikua nakaa kama mtu yuko stendi anasubiri basi ambalo halina hata muda wa kufika. Siku hiyo nilipofika Mnazi Mmoja nikaanza kuangalia, leo humu ndani ya dhiki kuna nini? Nikaona kivuli, mihogo ya moto yenye pilipili, na meseji ya kaka. Nikacheka peke yangu mpaka dada mmoja aliyekaa benchi la jirani akahamisha pochi yake.

Ila kwa swali la nani atajua, sio kila ibada ni sawa. Swala ya Ijumaa watu wamejaa mpaka barabarani, ukikosa hakuna anayejua. Alfajiri sisi ni safu moja na nusu, ukikosa pengo linaonekana, na mzee anayesimamaga kulia kwangu nilipokosa siku mbili alinipitia nyumbani na kibarakashia chake akaniuliza tu, "Kijana, uko salama?" Kwa Wakristo ni hivohivo, ibada kubwa ya Jumapili yenye spika na kwaya tatu inakupa hamasa lakini unaingia na kutoka hakuna aliyekuona, wakati jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki zile za kukutana nyumba kwa nyumba, mko kaya chache, ukikosa unaulizwa. Kwahiyo ukichagua dini chagua pale penye watu wachache.

Tahadhari zipo na sitazipamba. Ukikuta mahali unaambiwa umeumia kwa sababu imani yako ndogo, ondoka. Ukiambiwa toa hela kwanza ndo uombewe au ununue chupa ya maji au mafuta, ondoka na nauli yako ya kurudia iko salama. Na ukiambiwa uache dawa za hospitali, hapo usiage hata kuaga.

Klipu za simu

Hii nitaipitia haraka. Klipu za motivesheni nilizila sana usiku, amka saa kumi alfajiri, umaskini uko kichwani, fukuza watu hasi, milionea fulani alilala chini ya daraja. Tatizo lake ni kwamba zinaongea na mvivu, na mimi sikua mvivu, nilikua nimeumia. Ni kama umevunjika mguu mtu anakupigia makofi ukimbie. Ukimaliza kuangalia una moto dakika kumi na tano, alafu asubuhi unajiona mbovu zaidi kwa sababu wewe hukuamka saa kumi.

Lakini haki yake niipe, saa tisa usiku kaka kalala, imamu kalala, mke kalala, simu iko macho. Ukiitumia usiku kwa ajili ya kusikia tu sauti ya mtu sio mbaya, basi tafuta mawaidha ya taratibu au hata mtangazaji wa mpira kuliko mtu anayekufokea. Kwa lile swali, simu haitajua hata ukipotea mwaka, itaendelea tu kukuletea klipu.

Kikoba

Wanaume wengi tunakiona kikoba ni mambo ya hela na umbea wa wanawake. Mke wangu yuko kikoba cha watu kama ishirini na tano, wanakutana kila Jumapili jioni, wananunua hisa, wanakopeshana, na kuna mfuko wa jamii wa pembeni kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Kipindi kile alikosa Jumapili mbili kwa sababu hela ya hisa ilikua haipo na aliona aibu. Jumatatu wakaja wakina mama wawili na kilo tano za sembe na mafuta, hawakuuliza maswali, wakakaa jikoni wakaongea habari za binti wa fulani kuolewa, wakaondoka. Mke wangu jioni ile alikua mtu mwingine. Nikajisemea hawa ndo wamefunga turubai.

Na hii ya kikundi kuponya sio hisia zangu tu. Uganda mwaka 2002 huko Masaka na Rakai, maeneo yaliyopigwa vibaya na UKIMWI, walichukua vijiji 30, kwenye nusu yake wakaanzisha vikundi vya watu wenye sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, wanawake kwao na wanaume kwao, wanakutana lisaa na nusu kila wiki kwa wiki 16, na waliokua wanaviongoza ni watu wa kulekule waliopewa mafunzo wala sio madaktari. Mwisho wake kwenye vikundi waliobaki na sonona walikua kama 6 au 7 kwa kila 100, na vijiji ambavyo havikupata vikundi walikua kama 55. Watu wamekaa chini wanaongea matatizo yao, mmoja akieleza mwenzake anasema hata mimi, basi.

Ila kikoba cha hela kina sura ya pili. Ukichelewa marejesho, walewale waliokuletea sembe wanakuja kama kamati, na nimeona friji ya mtu ikibebwa mchana kweupe mtaa mzima unaangalia. Kwahiyo kama shida yako ni madeni usitegemee faraja kwenye kikundi unachodaiwa. Kama shida yako ni upweke, talaka, au kufiwa muda mrefu umepita, kikundi kinapiga vyote nilivyotaja juu, maana kwenye nani atajua kinapata kumi kwa kumi, jina lako lipo kwenye daftari na linaitwa kila wiki.

Mshauri na daktari

Hapa ndo watu wanaogopa. Kwetu ukisema naenda kumwona daktari wa akili mtu anasikia Mirembe tu, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, Kenya nao wana Mathari yao, kwahiyo mtu anaona bora afe na mawazo yake. Mimi nilienda kwa sababu nilikua silali, wiki ya tatu hiyo, nalala saa saba naamka saa tisa basi, chakula hakipandi, suruali inanivuka. Hospitali ya kwanza nikamwambia daktari naumwa kichwa, akanipa panado, dakika mbili nyingi. Nilimlaumu sana, lakini mimi mwenyewe si ndo niliyesema kichwa?

Mara ya pili, sehemu nyingine, nikasema ukweli. Nikapelekwa kwa nesi mmoja mtu mzima, akaniuliza usingizi, akauliza chakula, akauliza kama nawaza kujidhuru, hilo swali aliliuliza kawaida kabisa kama anauliza umri, na mimi nikajibu kawaida. Alafu akasema katika matatizo yako yote chagua moja tu tulitafutie njia wiki hii. Nikasema la kumwambia mke wangu. Ndo nikaenda nikakuta yale ya chaja.

Baadae sana nikaja kugundua ule mtindo wa chagua moja ndo unaotumiwa Zimbabwe. Pale Harare kuna daktari wa akili anaitwa Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa wake, binti aliyejiua, na mama yake alipoulizwa mbona hamkumleta hospitali akasema hatukua na nauli. Mwaka 2006 akaanza na bibi kumi na wanne wa mtaa wa Mbare, akawafundisha, akawaweka kwenye mabenchi nje ya zahanati, mtu anakuja anakaa na bibi anaongea. Hawakutumia neno la kidaktari, wanasema kufungisisa, neno la Kishona lenye maana ya kuwaza kupita kiasi, yaani ileile yetu ya "nina mawazo". Walipolipima kwa watu 573, matokeo yakatoka mwaka 2016, baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi waliobaki na dalili za sonona ni kama 14 kwa 100, wale waliopata huduma ya kawaida walikua 50. Wazo limefika Malawi na Zanzibar. Na mimi nilikua nimekaa kwenye benchi Mnazi Mmoja wiki tatu, shida benchi langu halikua na bibi.

Kwa lile swali, mshauri anakupa tarehe ya kurudi, iko kwenye kadi. Sio kama ndugu kwa ukaribu lakini ana kitu ndugu hana, hatakuhadithia ya kwake na hatakutana na shemeji yako harusini. Hasara ni nauli, foleni, na kwamba mikoani wako wachache.

Sasa wewe unaenda wapi

Kama umeumia lakini unakula na unalala, anza na mtu mmoja na kikundi kimoja kidogo, inatosha. Kama ni msiba, turubai litakubeba mwanzo, panga mapema nani utamshika baada ya arobaini. Kama ni wiki mbili na zaidi usingizi hakuna, chakula hakuna, vitu ulivyokua unapenda vimekua kama karatasi mdomoni, nenda hospitali hata kama unasali vizuri, na dini usiiache, mimi nilichanganya vyote na havikugombana. Ukipewa dawa ujue zinachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, usiache siku ya tano ukasema hazifai.

Na kama unawaza kujiua usisome tena ulinganisho, nenda kamwamshe mtu aliye karibu saivi, hata jirani, ukae naye msiwe mbalimbali, na mfike hospitali yoyote iliyo wazi. Mlioko Kenya namba ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199, na Befrienders Kenya ni 0722 178 177. Tanzania kwa mtoto au kijana mdogo kuna 116, bure.

Najua kinachowashinda wengi ni sentensi ya kwanza, mimi ilinishinda wiki tatu, kwahiyo chukua zangu. Kwa ndugu: sikupigii hela, nisikilize dakika kumi. Kwa imamu au mchungaji: naomba tuongee pembeni, sio dua tu. Kwa kikoba: Jumapili sikuja kwa sababu nilikua naona aibu. Kwa daktari: silali, na sio kichwa. Kwa muuza kahawa wa kijiweni kwetu huwa sisemi kitu, nakaa, ananimiminia, na siku nikikosa kesho yake anasema "jana kikombe chako nilikinywa mimi".